Mwenyekiti Alipogeuka Ng'ombe

Nilikuwa nimeushika ubao upande mmoja, na Manasseh akiupiga randa upande wa pili. Ulikuwa ubao wa kichwani wa kitanda cha arusi, na kwa mvua ile mbao zilikuwa zimenywa maji hata randa ikawa inakwama kila shubiri. Hapo barazani pa karakana yake, hapa kijijini Nyakoe, ndipo tunapokutana kila alasiri, kazi iwepo isiwepo.

Duke, tunayemwita Redio kwa sababu hakuna habari inayompita, alikuwa amekuja na jipya. Mtaalamu mmoja amesema hewani kwamba mvua itaendelea hadi shule zifunguliwe. Mzazi asiwaache watoto wanune ndani. Apige magoti, alingane nao kimo, acheze nao.

"Huyo mtaalamu ana magoti ya kukodi," alisema Manasseh. Yeye alilelewa kwa kupukuchua mahindi. Mvua ikinyesha mnapewa gunia, likiisha mnapewa lingine, na hakuna aliyenuna kwa sababu nafasi ya kununa haikuwepo.

Zubair, muuza vitambaa wa duka la ng'ambo ya barabara, tunamwita Mita. Alisema wanawe wakifungiwa na mvua hujiviringisha ndani ya majora ya dukani.

"Juzi nampimia mama mmoja pazia. Kufika mita ya nne, nikamkuta Luul wangu amelala."

"Ukamkata?" akauliza Redio.

"Nilimuuliza mama kama anamtaka pamoja na pazia. Akasema nyumbani ana wengine sita."

Hapo akaingia Mogire, mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikuja mbio, bila mwavuli wala viatu, na nyuma ya suruali yake ilining'inia kamba ya katani yenye shungi mwishoni. Tuliutazama ule mkia. Kwa heshima ya cheo, hakuna aliyetaka kutangulia kuuliza.

"Mwenyekiti," Mita akasema mwishowe, "huo umeota lini?"

Akaketi juu ya gogo, akatueleza. Mkewe, Drusilla, alikuwa zamu kliniki. Watoto wawili, Bochaberi na Ronny, walishinda dirishani tangu asubuhi, wakasema hapa nyumbani hapana raha, wanahamia kwa nyanya yao kule Nyamarambe. Tena walikuwa wamekwisha kupanga nguo zao ndani ya ndoo. Ile ndoo ilimuuma Mogire. Akapiga magoti, akawa ng'ombe. Ronny akamchunga chini ya meza, Bochaberi akamkamua. Walicheka hadi wakashikwa na kwikwi, na safari ikasahaulika. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia nyanya mwenyewe na kikapu cha ndizi, amekuja kuwajulia hali wajukuu.

"Nikiwa nimeinama," Mogire alisema taratibu, "na kikombe kiko chini ya tumbo."

Manasseh aliweka randa chini. Mita alicheka, akaona anacheka peke yake. Ikabidi tumweleze: kwetu kuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai karibu, wala hawataniani. Sembuse kukamuliwa mbele yake.

Mogire alikuwa ametorokea mlango wa nyuma. Sasa mama mkwe yuko ndani, amezuiwa na mvua. "Ikikatika tu, ataondoka na watoto wangu," alisema. "Huko ana ng'ombe wa kweli. Watarudi shule zikifunguliwa, na mimi sitakuwa kitu."

Manasseh alishauri atafute mbuzi na wazee wawili, wakaombe radhi. Redio aliona ni bora ahamie Kisii mjini kwa muda.

"Kwani alikutambua?" Mita akauliza. "Si umesema ulikuwa ng'ombe?"

Tulimhurumia kwa ugeni wake. Kisha simu ya Mogire ikalia, na kwa kuwa imeharibika husikika kwa wote.

"Baba Bochaberi, mama amenipigia," alisema Drusilla.

Mogire alifumba macho. "Amesemaje?"

"Anasema hakumkuta mtu hapo. Aliona ng'ombe akitoka."

Mita alitutazama kama wakili aliyeshinda kesi.

"Lakini watoto wanalia," Drusilla akaendelea. "Amejaribu hadithi, amejaribu ndizi. Hawataki Nyamarambe tena, wanataka ng'ombe wao. Kwa hiyo ameenda jiko la nje, amejifungia, na anasema mvua inavyopiga mabati hawezi kusikia lolote. Wewe rudi."

"Nirudi tu hivi?"

"Ulie kwanza mlangoni. La sivyo Ronny hafungui."

Mogire alisimama, akakohoa, akajaribu. Sisi ni wanachama, ng'ombe tunawajua. Manasseh alisema huyo anaumwa tumbo. Redio alisema huyo auzwe mapema. Jaribio la pili tulilipitisha bila kupinga, naye akateremka kwenda kwake, hapo chini tu nyuma ya karakana.

Manasseh aliutazama ubao, upande mmoja laini, upande mwingine bado magamba matupu. Akasema bwana arusi atavumilia mpaka kesho, yeye anataka kuwahi nyumbani. Redio naye akakumbuka ana watoto.

Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Tukiwa tunaagana tukasikia ng'ombe akilia mara moja, mlango ukafunguka, na watoto wawili wakapasuka kwa kicheko. Kisha, kutoka upande wa jiko, kikaja kicheko cha tatu, kirefu, cha mtu mzima, ambacho kwa mujibu wa chinsoni hakuna hata mmoja wetu aliyekisikia.