Fungu Nono la Shangazi

Jumatatu, 3 Novemba
Kompyuta ya kwaya imechoka. Ukiiwasha asubuhi, inaamka mchana. Shangazi Lupe, dada mkubwa wa baba na kiongozi wa kwaya, anataka aitwe binamu yangu Moleni. Moleni! Anayejitia fundi Tonga nzima! Nimesema niachieni mimi, nitaweka mfumo mpya, itakimbia. Shangazi akanionya: humo imo sauti ya marehemu babu akiimba wimbo aliotunga mwenyewe, na Jumapili kwaya itauimba. Ikipotea, nisikanyage kwake.

Haipotei!

Jumanne, 4 Novemba
Kompyuta inataka nigawe diski mafungu. Swali gani hilo? Nguruwe wa karamu nimewakata tangu utotoni, kila mtu kwa cheo chake. Fungu nono la Shangazi na nyimbo zake. Nani atampunja dada wa baba yake? La pili la mchungaji. Hana faili hata moja, lakini heshima ni heshima. Mfumo mpya, mgeni wa jana, nikaupa mkia.

Umegoma. Eti nafasi haitoshi. Mgeni mlafi!

Jumatano, 5 Novemba
Moleni kachungulia dirishani. Kasema mfumo upewe nafasi ya kutosha, kisha akauliza kama nimetoa nakala ya nyimbo. Nikamwambia ndugu yangu, kapalilie viazi vyako. Kacheka, mshenzi.

Sibanduki hapa mpaka kieleweke.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimepata! Simpunguzii mtu, naondoa mipaka tu. Ukibomoa ua, viazi vikuu havihami shambani. Nikabofya Futa, Futa, Futa. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Mwanamume haulizwi mara mbili!

Mfumo umeingia. Unakimbia, raha tupu!

Nyimbo sizioni. Labda zimejificha.

Ijumaa, 7 Novemba
Hazikujificha. Zimefutika. Ole wangu, sauti ya babu! Nimefunga mlango, nimelia.

Nikamwambia Shangazi. Hakupiga kelele. Aliketi mkekani akafunika uso. Heri angenichapa.

Mara Moleni huyo, na flashi mkononi. Kumbe alinakili nyimbo zote Krismasi iliyopita, bila kumwambia mtu. Babu akaimba. Shangazi akalia, akambusu Moleni, akamkabidhi kompyuta. Mimi nimepewa kazi ya kuchimba shimo la kuokea chakula cha Jumapili.

Jumapili, 9 Novemba
Kanisa zima limelia kwa wimbo wa babu. Mimi pia. Nimemshukuru Moleni, kwa shingo upande lakini nimemshukuru.

Baada ya ibada mchungaji kalalamika: kompyuta ya kanisa, yenye mahubiri yake yote, inajikongoja. Moleni akafungua mdomo. Nikamwahi! Leo ni siku ya Bwana, hakuna kazi, naanza kesho alfajiri.

Moleni akauliza kama nitatoa nakala kwanza. Husuda tu hiyo. Kosa langu nimeshalijua: ni vyeo. Kompyuta ya kanisa, Shangazi haimhusu. Fungu nono la mchungaji, la pili la mkewe. Mfumo utapata mkia, na safari hii usiniletee ulafi.