Siku Tauno Alipoishinda Mashine ya Theluji

Jongeeni, enyi mlioketi karibu na moto, mtege masikio mpate kusikia habari za Tauno mwana wa Eino, simba wa mji wa Kuhmo, mpasua kuni asiyechoka, na jinsi alivyotoka peke yake kuikabili mashine ya kurusha theluji, asubuhi ya baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.

Usiku kucha mbingu zilikuwa zimeshusha majeshi meupe juu ya njia ya gari, hata sanduku la barua likatoweka. Na saa tatu teksi ingekuja kumchukua mkewe, Aune, aende akapasuliwe jicho lenye mtoto wa jicho. Miadi hiyo aliingoja miezi minane. Ikimpita, ni kungoja upya.

Tauno akaishika kamba ya kuwashia, akaihutubia injini: "Ewe chuma, nimekulisha petroli, nimekufunika blanketi. Leo usiniaibishe." Akavuta. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta mara ishirini, akavuta mara arobaini; jasho likaganda kwenye nyusi, petroli ikanuka ua mzima, na shujaa akaiita mashine majina ambayo wanahistoria wameona heri kuyasitiri.

Aune akachungulia mlangoni. "Bwana wee, umeizamisha kwa mafuta. Fungua plagi uniletee."

"Mke wangu, hivi ni vita vya wanaume."

"Haya, pigana. Mimi nimebakiwa na saa moja."

Kwa kuwa hata majemadari wakuu hutii, Tauno akaileta plagi, imelowa chepechepe. Aune akaifuta, akaiweka ndani ya oveni kando ya mikate ya shayiri, akamnywesha mumewe kahawa. Baadaye akaitoa kwa koleo. "Kimbia kabla haijapoa. Na choki usiiguse, utaizamisha tena."

Shujaa akakimbia, akairudisha plagi mahali pake. Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili, injini ikanguruma, moshi ukapaa, na yale majeshi meupe yakarushwa ng'ambo ya uzio bila kuulizwa yametoka wapi. Teksi ilipofika, njia ilikuwa nyembamba, imepinda, lakini inapitika.

Tauno akamfungulia mkewe mlango, akasimama kifua mbele akingoja sifa.

"Una barafu kwenye masharubu," Aune akasema, akamfuta kwa glavu, akapanda.

Gari lilipopotelea msituni, Tauno akaingia jikoni, akachukua penseli, na kwenye kalenda ya ukutani akaviandikia vizazi vijavyo: "Nyuzi 31. Imewaka." Akafikiri kidogo. Kisha, kwa herufi ndogo zaidi, akaongeza: "Aune alisaidia."