Kirusi, Mimi na Shemeji Sajini

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Nimewasha kompyuta ya studio asubuhi, folda zote zimegeuka njia za mkato. Ukibofya, kimya. Kirusi kimeletwa na ile flashi ya mteja wa juzi, aliyetaka kuchapa barua ya kuomba kazi. Ndani ya kompyuta zimo picha za marehemu baba mkwe, mwanajeshi wa zamani, nilizoziskani mwezi uliopita kutoka albamu ya mama mkwe. Albamu yenyewe? Bati lilivuja. Imekuwa uji. Mama mkwe hajui. Jumamosi anakuja kuzichukua, zikiwa kubwa, kwenye fremu.

Mchana nikaona tangazo kwenye lango la kambi, ng'ambo ya barabara. Kila askari anapewa bure programu ya kulinda kompyuta yake ya nyumbani. Inasaka virusi, inaviua, inarudisha kilichofichwa. Bure! Nilisimama mdomo wazi. Kumbe duniani kuna vitu hivi!

Mimi si askari. Kasoro ndogo.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu kasema nimwombe dada yake. Dada yake ni sajini, kikosi cha mawasiliano. Haiwezekani! Juzijuzi tu nilimwambia shemeji, mbele ya watu, tena mdomo umejaa wali, kwamba kirusi kikiniona mimi hubadili njia. Mke akanikumbusha kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu mimi siumwi, inayoumwa ni kompyuta. Akanitazama vile anavyotazama maziwa yaliyomwagika.

Mpango: nitakuwa askari wa kitengo cha siri. Siri kiasi kwamba hata kitambulisho sina. Nimenyoa kipara. Nimefanya mazoezi ya kutembea mbele ya kioo cha wateja. Natisha!

Jumatano, 6 Machi
Natamani ardhi ipasuke.

Mlinzi wa lango alinielekeza chumba cha tatu. Foleni ya askari, kila mmoja na laptopu kwapani. Mezani koplo kijana, mpole, sauti ya kubembeleza. Akaomba namba yangu ya jeshi. Nikamnong'oneza kuwa ni siri. Akaomba jina la kamanda wangu. Siri pia. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, nikajua nimempata. Ghafla akasimama akanguruma: “Nyuma geuka!”

Nikageuka kuangalia anamwamuru nani.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Na pale mlangoni, nilikogeukia, alikuwa amesimama shemeji. Kumbe mradi wote wa programu hiyo ni wake yeye! Yeye ndiye aliyewaomba wakubwa, yeye ndiye anayefundisha. Askari wote wakasimama wima alipoingia. Mimi pia, bila kuamriwa.

Hakucheka. Alimwambia koplo mimi ni jamaa yake, aniachie. Kisha akanipeleka hadi kwenye tangazo, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho: “na jamaa zake wa karibu.” Sikuwa nimefika huko. Maandishi ya chini huwa madogo.

Akaniuliza kuna nini ndani ya kompyuta. Nikamwambia. Baba yake ndiye aliyekuwa ndani ya kompyuta. Akasema tu atakuja kesho, nikaona afadhali angenipiga.

Alhamisi, 7 Machi
Amekuja studio baada ya kazi, bado na gwanda. Aliandikisha kompyuta yangu kwa jina lake, akaweka programu, akabofya mara moja. Basi! Duara likaanza kuzunguka. Virusi thelathini. Mia. Mia nne na kumi na mbili! Nilikuwa nafuga kijiji kizima bila kujua. Kimoja kimoja vikakamatwa, vikafungiwa, vikafutwa. Sijawahi kuona vita vya namna hiyo, havina moshi wala kelele, na mwenye jeshi anakunywa chai.

Shemeji akaandika mstari mmoja mfupi kwenye kidirisha cheusi. Folda zikarudi, moja baada ya nyingine, kama watu wanaotoka mafichoni. Akafungua ya baba yake. Kijana mwembamba, kofia imelala upande, anacheka na mtu asiyeonekana. Shemeji akasema kwa sauti ndogo hajawahi kumwona baba akiwa na umri mdogo kuliko wake yeye. Mikono iliyoua virusi mia nne ikaikuza picha mpaka ikajaa kioo. Nikainuka kumwongezea chai. Mimi!

Akanionya: usiizime hii programu hata kwa sekunde moja. Nikaapa.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe amekuja. Picha sita ukutani. Alisimama mbele ya ile ya kofia mpaka nikaogopa. Kisha akasema anayechekwa pale ni yeye. Alikuwa nyuma ya mpiga picha, ameanguka kwenye tope, na marehemu hakumwinua mpaka picha ilipopigwa. Tukacheka wote, kisha tukafuta macho wote.

Mke wangu akalisema la albamu. Nilikufa kidogo. Mama akajibu karatasi huoza, ndiyo maana aliniletea. Halafu akanishika mkono: “Mkwe wangu, una mikono ya dhahabu.”

Shemeji alikuwa ananitazama. Nikasema ni kazi tu, mama.

Shemeji akanakili picha zote kwenye flashi yake, akaitia mfukoni, akafunga kifungo. Sikuelewa haraka ya nini.

Jumatatu, 11 Machi
Maajabu hayaishi! Nimepata barua pepe asubuhi. Inanipongeza, shujaa wa taifa, kwa kuteuliwa kupokea kamera mpya kabisa. Mimi! Hatimaye kuna mtu ameutambua mchango wangu. Natakiwa kufungua kiambatisho tu.

Programu imekataa. Imeweka alama nyekundu na kupiga kelele. Wivu, hata kwenye mashine!

Nimeizima. Dakika moja tu.