Sahihi Themanini za Neno "Aa"

Wakazi wote wa Machakos mnatangaziwa kwamba neno "aa" limesajiliwa rasmi. Sasa lina maana moja tu: nakubali. Aliyetia muhuri ni mimi, Munyao, Mkurugenzi wa Idara ya Kusawazisha Maneno Mafupi.

Haikuwa kazi ndogo. Neno hili lilikuwa limezagaa ovyo. Msalimie mzee wa Kikamba, anajibu "aa", yaani yuko salama. Mtu wa asili ya Pwani akisema "aa", amekataa. Vijana wa bodaboda wao hushangaa nalo. Serikali itapanga maendeleo vipi na watu wa namna hii?

Na maendeleo yalikuwa tayari: kubomoa vibanda vya soko ili idara ipate maegesho. Wananchi sharti washirikishwe, nasi tukawashirikisha. Kila aliyefika mkutanoni alitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, akapewa soda.

"Mkurugenzi, mkivunja hii vibanda watoto watakula nini?" akauliza Syombua, muuza sukumawiki.

"Aa! Mimi sitoki hapa, wallahi," akasema Habiba wa mahamri.

"Andika amekubali," nikamwambia karani wangu, Kioko.

Baadaye tukaibandika ile karatasi ya mahudhurio nyuma ya azimio la kubomoa. Sahihi themanini, mpinzani hakuna. Nilifurahi, sifichi.

Kabla tingatinga halijafika, akina mama wakanialika sokoni wanishukuru. Wananchi wenye shukrani ni adimu siku hizi. Nikapokea soda baridi, nikatia sahihi ya kwanza kwenye karatasi yao ya mahudhurio. Kioko akafuata, kisha soko zima.

"Na hii mkutano ni ya nini?" nikauliza, chupa ikiwa nusu.

"Ni ya maendeleo, Mkurugenzi." Syombua alikuwa anaibandika karatasi nyuma ya azimio: vibanda vibaki, idara ihamie Ndithini, huko mbali porini.

"Aa!" nikapiga kelele. "Aa! Aa!"

"Andika," Habiba akamwambia Syombua. "Amekubali mara tatu."

Wakubwa wangu hawakulisoma azimio. Walihesabu sahihi, zikazidi zile themanini zangu, kama nilivyowazoesha mwenyewe. Tangazo hili naliandikia Ndithini, na maegesho hatimaye ninayo, ekari tatu nzima. Gari la idara limebaki Machakos, linabeba sukumawiki.