Siku Bega Langu Lilipogeuka Kiitikio Rangwe

Leo nimefedheheka mchana kweupe, maiki mkononi, mbele ya bibi harusi na ukoo wake wote. Nawaambia mwenyewe kabla hamjatumiwa video. (Najua wengine mmeshatumiwa. Nyamazeni kwanza, nisimulie.)

Kwa wasionijua, mimi ni Akinyi, na kaka yangu ni Odhis Lwedo. Ndiyo, yule yule wa muziki wa benga. Lwedo ni mkono kwa Kijaluo, na kutoka Migori mpaka Mbita hakuna asiyeijua mikono ile. Ni mirefu, na vidole ni virefu kupita mikono. Akishika gitaa, vinafika mahali ambapo wenzake hufika kwa kumwomba Mungu. Watu humlipa kwa sababu ya vidole hivyo. Mimi pia ninavyo, ila mimi nauza sare za shule, kwa hiyo hakuna anayenipigia makofi.

Sasa, juzi nilisoma kitu mtandaoni. Kilikuwa kinahusu watu maarufu: wacheza mpira wa kikapu, wanamuziki wa zamani, hata watawala. Wanasema huenda walikuwa na ugonjwa fulani wa kurithi unaolegeza nyuzi zinazoshikilia mwili. Mtu anakuwa mrefu, mwembamba, mikono inamzidi kimo, viungo vinateguka ovyo. Madaktari wenyewe wanabishana, maana wengi wa hao mashujaa walishakufa, na marehemu hapimwi. Nilikuwa nasoma nikicheka. Kisha nikafika mahali paliposema ugonjwa huo unaweza kupanua mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, polepole, bila maumivu, mpaka siku unapasuka.

Nikaacha kucheka. Baba yetu alikuwa mrefu hivyo hivyo. Alianguka akafa shambani kwetu Rusinga akiwa bado kijana, jembe mkononi, asubuhi aliyoamka mzima kabisa. Watu walisema jirani amemroga. Mpaka leo Mama na jirani yule hawasalimiani.

Nikamfuata Odhis nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akauliza, "Kwa hivyo hii ni ugonjwa ya mastaa?"

"Wanasema huenda."

"Basi niachie. Hiyo ustaa nimeitafuta siku mingi."

Huyo ndiye ndugu niliyepewa. Sikuchoka. Nikapata habari kwamba daktari wa moyo anakuja Homa Bay leo, kwenye kliniki moja mjini, na jioni anaondoka. Hatujui atarudi lini. Nikamwekea Odhis nafasi, naye akaniahidi kwa jina la Mama kwamba atakuwa pale asubuhi. Asubuhi ikafika, mimi nikafika, simu ya Odhis ikazimwa. Nikakaa kwenye benchi na wagonjwa nikijifanya mgonjwa. Hatimaye rafiki yangu mmoja akanitumia tangazo: harusi Rangwe, burudani ni Odhis Lwedo na bendi yake, moja kwa moja.

Nilipanda bodaboda kwa hasira ambazo hata mwendeshaji alizisikia mgongoni. Hakuniuliza kitu mpaka Rangwe.

Odhis alikuwa jukwaani, macho kayafumba, vidole vinatembea. Kumtoa katikati ya wimbo haiwezekani, mabaunsa wangenibeba. Lakini kuna njia moja ambayo hakuna mwanabenga anayeweza kuizuia, nayo ni pakruok. Kwa asiyeijua, unaweka noti kwenye sahani, bendi inashusha sauti, unapewa maiki ujisifu: wewe ni nani, umetoka kwa nani, nani akikuona anatafuta njia nyingine. Waitikiaji wanalidaka neno lako la mwisho wanaliimba, na muziki unapanda tena. Hata mkuu wa wilaya akiwa anahutubia, pakruok inaheshimiwa. Nikaweka noti.

"An Akinyi nyar Rusinga," nikaanza. Mimi Akinyi, binti wa Rusinga.

"Nyar Rusinga!" wakaitikia.

Odhis akafumbua jicho moja.

"Dada ya Odhis, yule wa mikono mirefu!"

"Mikono mirefu!"

"Na hiyo mikono huenda ni ugonjwa!"

"Ni ugonjwa!" Shangazi za bibi harusi wakainuka kucheza. Nikagundua kwamba ukipewa maiki ya pakruok unaweza kutangaza hata njaa, watu watacheza. Nikaongeza sauti.

"Odhis aliniahidi leo ataenda kwa daktari, akazima simu!"

"Akazima simu!"

Odhis akaanza kucheka, akanipigia nyuzi mbili za madoido. Hapo ndipo nikaona maneno hayatoshi, lazima nioneshe ushahidi. (Kichwa changu kingekuwa na akili kidogo, ningeishia hapo.) Nikasema mtu wa kawaida akinyoosha mikono, upana wake unalingana na urefu wake, lakini sisi watoto wa marehemu mikono inazidi, tazameni. Nikaurusha mkono wa kulia juu na nje, kwa nguvu na kwa majivuno mengi.

Nikasikia *tko*.

Mkono ukabaki juu. Nikaushusha, ukakataa. Maumivu yakanipanda mpaka kwenye meno, nami nikapiga kelele kwenye maiki, "Bega limetoka!"

"Bega limetokaaa!" wakaitikia.

Mpiga besi akaingia. Mpiga ngoma akaona huo ni mtindo mpya, akaupa mdundo wake. Mkono wangu uko juu, kwa hiyo shangazi wakainua yao. Bwana harusi akainua wake. Bibi harusi akainua wake na shada la maua. Mke wa mchungaji, ambaye miaka yote anatuambia benga ni ya shetani, naye mkono juu, nyonga zinazunguka.

"Ni kweli limetoka!"

"Ni kweli limetoka!"

"Saidieni!"

"Saidieni, saidieni!" Sauti ya pili na ya tatu, zimepangwa vizuri kabisa. Machozi yananitoka, watu wanasema nyar Rusinga anajua kuigiza.

Odhis alikuwa anacheka mpaka akaniona usoni. Akaacha gitaa. Alivuka jukwaa kwa hatua zake ndefu, akanishika kiwiko na mgongo.

"Nyaminwa, tulia. Pumua pole pole. Usivute." Nyaminwa ni dada yangu, na hajaniita hivyo tangu tulipomzika Baba. Akauzungusha mkono taratibu, akauinua kidogo, akaushusha. *Tko*. Bega likarudi nyumbani.

"Umejulia wapi hii?" nikamwuliza.

"Yangu hutoka kila nikibeba spika," akaninong'oneza. "Usimwambie Mama."

Maiki ilikuwa bado kwenye mkono wangu wa kushoto, nimeikumbatia kifuani.

"Usimwambie Mamaaa!" wakaitikia.

Odhis akageuka kuwatazama waitikiaji wake, watu anaowalisha. Nao wakatazama chini.

Nyanya ya bibi harusi akainuka kutoka kiti cha mbele. Alitembea hadi kwenye sahani, akaweka noti yake, akanyoosha mkono apewe maiki. Nani angemnyima?

"An nyar Kanyada," akasema. "Harusi ni ya mjukuu wangu. Mimi nasema Odhis aende hospitali. Hawa wengine watatupigia."

"Aende hospitali!" wakaitikia, safari hii kwa bidii ya watu wanaotubu.

Baada yake wakaja shangazi, wakaja watu wa bodaboda, akaja bwana harusi mwenyewe, kila mmoja na sifa zake na agizo lile lile. Sahani ikajaa. Huwezi kukataa pakruok, na Odhis analijua hilo kuliko mtu yeyote. Akavaa koti lake. Tukatoka uwanjani kwa vigelegele kama sisi ndio tumeoana.

Daktari tulimkuta anafunga mkoba. Alipoona watu wawili warefu mlangoni, mmoja kashika bega, akaufungua tena. Akatupima mikono, akatutazama macho na vifua, kisha akatupiga picha za moyo mmoja mmoja. Mimi nilipomaliza nikakaa nje nikiogopa hata kupumua.

Mshipa wa Odhis umepanuka. Si sana. Daktari alisema haujafika pa kufanyiwa upasuaji, umepatikana mapema, kuna dawa, kuna kurudi kupimwa, na hakuna kubeba spika tena maishani. Wangu haujapanuka, lakini nami nitakuwa narudi.

"Na gitaa?" Odhis akauliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Piga mpaka uchoke."

Nimemwona ndugu yangu akipokea zawadi na makofi. Sijawahi kumwona amefurahi hivyo.

Tukampigia Mama. "Nimeshaona video," akasema kabla ya salamu. "Mnacheza nini hiyo?" Tukamweleza taratibu, yote, mpaka ya Baba.

"Kwa hivyo baba yenu hakurogwa?"

"Daktari hawezi kuapa, Mama. Lakini anasema huenda ni hii."

Tukasikia mbuzi wake nyuma. Kisha akasema, "Kesho nampelekea yule jirani kuku." Hapo ndipo nilipolia, wala si kwa sababu ya bega.

Sasa nimefungwa mkono kwa kitambaa, naandika kwa kidole gumba kimoja. Naambiwa mtindo umeshafika Ogwedhi, kwenye soko la ng'ombe, watu wanapatana bei mkono mmoja ukiwa juu. Chekeni tu, nimewaruhusu. Ndugu yangu amekunywa dawa na amelala, na kesho akigoma kuimeza, nitapanda jukwaa lile lile na bega la pili.