Lango la Maharusi

Siku Chirau alipomwona bibi harusi akiingia Chuo cha Ualimu cha Mtangani bila kulipa hata ndururu, alisimama kando ya barabara akashika kifua, kama mtu aliyeona mtungi wa maji ukimwagwa jangwani.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katikati ya miaka ya tisini. Chuo chenyewe hakikuwa mbali na mtaa wa Buxton. Wanafunzi walikuwa wamekwenda zao, na lango lilikuwa wazi kama mdomo wa mtu aliyelala. Bibi harusi akashuka na shela lake, wapambe wakamfuata, mpiga picha akatangulia kinyumenyume. Wakapigwa picha penye chemchemi. Wakapigwa penye mayungiyungi. Wakapigwa chini ya mataya mawili ya nyangumi yaliyosimamishwa kama mlango katikati ya bustani. Mwisho wakaingia kwenye kile chumba ambacho chuo kilikiita makumbusho, wakamtazama mwanambuzi wa vichwa viwili ndani ya chupa, wakacheka, wakapanda gari, wakaondoka.

"Bure," Chirau alisema peke yake, na neno lenyewe likamkereketa koo.

Ni haki tumweleze. Chirau alikuwa mtu wa maneno. Mikono yake ilikuwa laini kuliko ya bibi harusi aliyepita, kwa kuwa kazi yote iliachiwa ulimi. Kabla ya hapo alikuwa akiuza tiketi za upande wa kivuli katika kivuko cha Likoni, ambacho mtu wa miguu hupanda bure, na biashara ilimwendea vizuri mpaka siku ya mawingu. Mwenyewe hakujiona mwizi. Mwizi, alisema, humnyang'anya mtu. Yeye humtafutia mtu sababu ya kutoa.

Jumamosi iliyofuata alifika pale langoni na koti la buluu lenye vifungo vya shaba, tai, meza ya kukunja na muhuri aliouchonga kwa soli ya kandambili. Neno IMEPOKEWA alikuwa amelichonga sawasawa, kwa hiyo kwenye karatasi likatoka kinyume. Lakini kwa wino wa zambarau lilipendeza, na katika maisha yake yote hakupata kumwona mtu akisoma muhuri.

Mlinzi wa chuo, Mkamba mmoja aitwaye Kasyoka, alimjia na rungu lake.

"Wewe ni nani, na hiyo meza ni ya nini?"

"Nimetumwa kuhusu maharusi, bwana," Chirau akajibu kwa upole. "Wanakanyaga maua."

Kasyoka alikuwa amelalamika juu ya maua yale tangu aajiriwe, asipate wa kumsikiza. Machozi yalimlengalenga.

"Hatimaye," alisema. Hakuuliza katumwa na nani. Alikwenda kumletea kiti.

Na tuseme kweli, maua yalinusurika. Chirau alifunga kamba kando ya vitalu, akawaelekeza watu pa kupita, akawakemea watoto. Mchana wote alisimama wima kama askari wa gwaride. Wazee waliotoa pesa zao walimshukuru kwa utaratibu.

"Kuingia ni kwa kiasi gani?" mzee mmoja mstaafu wa reli alimuuliza, tayari amekunja uso.

"Kuingia bure, mzee wangu. Mnacholipia ni kutoka na picha."

Mzee akalitafakari neno hilo, akaona lina akili, akalipa.

"Na pale kwenye mifupa?"

"Pale pana ada yake. Nyangumi huoa mara moja tu katika uhai wake. Waliopigwa picha chini ya mataya yale hawajaachana hata mmoja."

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze kufuatilia," Chirau alisema, na hakuongopa, maana alianza kufuatilia asubuhi ile.

Mama wa bibi harusi alilipa kabla mumewe hajatia mkono mfukoni. Mama wa bwana harusi naye akamvuta Chirau pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana vijana wapigwe picha kando kidogo ya mifupa, si chini yake hasa.

Basi Jumamosi zikaenda hivyo, na kwa mara ya kwanza maishani Chirau akawa na pesa asizotaka kuzitumia. Alizifunga kwa uzi, akazitia mfuko wa ndani wa koti, akawa kila mara anajipapasa kama mwenye maumivu. Sababu ilikuwa Kadzo.

Kadzo aliuza viazi karai Makadara. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Chirau alikuwa amemposa kwa mashairi, kwa halua, hata kwa homa ya kusingizia, na jibu likawa ni lile lile: mtu asiye na kazi hatafuti mke, atafuta mpishi. Hivyo alipopata lango lake alimwendea akamwambia kwamba sasa yeye ni afisa wa bustani katika Chuo cha Mtangani. Kadzo aligeuza viazi kwenye mafuta.

"Vyema," alisema mwishowe. "Jumamosi nitamleta mama apaone."

Mamake Kadzo aliitwa Mbodze, mjane aliyelea watoto wake kwa jembe, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya mahari. Chirau hakulala vizuri juma lile. Alipiga vifungo vyake msasa, akamnunulia Kasyoka mahamri na mbaazi ili siku hiyo amwite "mkubwa", na penye kivuli cha mti wa mkungu akapanga viti viwili vyenye mito.

Wakaja. Mama Mbodze alipokea shikamoo yake, akaketi, akaitazama bustani upande hadi upande.

"Na hii yote ni yako kuiangalia?"

"Ni dhamana tu, mama," Chirau akasema, akishusha macho.

"Mkubwa, nifunge lango la nyuma?" Kasyoka akauliza, kwa wakati wake barabara. Mama Mbodze akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kadzo alikuwa akiutazama muhuri.

Ndipo ikafika Peugeot nyeupe yenye utepe mwekundu, na nyuma yake pikapu imejaa wanawake wanaoimba. Akashuka mama mmoja wa kimo na upana, kilemba kimesimama kama mnara.

"Mwenyeji hapa ni nani?"

"Ni mimi, mama. Karibuni."

"Basi ni kwako nimemleta mwanangu. Naitwa Nasipwondi, shangazi yake bibi harusi. Bwana harusi ni Tom, yule wa malori ya bandarini. Anakuja nyuma na bahasha. Amesema, mwambieni mwenye bustani asihesabu vichwa. Ataje anachotaka."

Chirau alitaja kiasi moyoni, akakiongeza, akakiongeza tena. Alimwona tayari Kadzo katika leso mpya, na nyumba ya vyumba viwili, na mlango wenye kufuli.

"Bibi harusi na ashuke," alisema.

"Atashuka vipi?" Nasipwondi akashangaa. "Kwetu bibi harusi hakanyagi kwenye lango la mtu mpaka mwenye lango amkaribishe."

"Karibu, bibi harusi. Karibu sana."

"Karibu ya mdomo?"

Wanawake wakacheka. Mmoja wao akatandika leso chini mbele ya gari, na wote wakaitazama leso, kisha wakamtazama Chirau. Yeye aligeuka. Kule kivulini Mama Mbodze alikuwa amesogea kwenye ncha ya kiti.

"Desturi hiyo hata kwetu ipo," mama alisema kwa sauti. "Tena ni desturi nzuri."

Chirau akatia mkono kotini, akalegeza uzi, akaweka noti juu ya leso. Vigelegele vikapaa. Mlango wa gari ukafunguka, kikatoka kiatu cheupe.

Wakangoja. Hakikufuata kitu.

"Huo ni mguu mmoja," Nasipwondi alieleza.

Akaulipia wa pili. Bibi harusi, aliyeitwa Beryl, akasimama, lakini uso ulikuwa umeinama chini ya shela, na shangazi akasema kwamba kichwa cha bibi harusi nacho ni kizito, huinuliwa. Chirau alipokuwa akifikiri juu ya hilo, Kadzo alikuja akasimama ubavuni pake, akamkanyaga mguu.

"Samahani," Chirau akasema, akasogea kumpisha.

Akakiinua kichwa. Akaliinua na shela. Kila noti iliyotoka ilimuuma, na kila mara alijiambia kwamba bahasha ya Tom i njiani, na kwamba mvuvi hahesabu chambo. Kadzo akamkanyaga tena, kwa kisigino safari hii.

"Pole, nimekubana," Chirau alimwambia kwa huruma.

Msafara ukafika kwenye mataya ya nyangumi. Mpiga picha akapiga goti. Wanawake wawili wakanyoosha leso kutoka taya hadi taya, wakaziba njia.

"Huu nao si mlango?" Nasipwondi akauliza. "Tumesikia mjini kwamba anayepita hapa haachiki. Ni kweli, au watu wamezusha?"

Chirau aliangalia mifupa, akamwangalia Mama Mbodze, aliyekuwa ameacha kiti chake na kuja kusimama karibu, mikono imefumbatwa, uso uking'aa.

"Ni kweli," alisema kwa taabu.

"Basi mlango huu ni mkubwa kuliko ule wa nje."

Alichokitoa hapo alikitoa pamoja na uzi wake. Wanawake wakaimba jina lake. Wakamzungusha, wakamwita baba wa maharusi, na mama mmoja mtu mzima akamfuta jasho. Kisha dereva wa Peugeot akaja mbio kumnong'oneza Nasipwondi, naye akapiga kofi la masikitiko.

"Gari la Tom limezima pale Makupa, na bahasha iko naye. Twende tumchukue. Baba, tuwekee nafasi. Tunarudi sasa hivi."

Leso ikakunjwa pembe kwa pembe. Milango ikafungwa. Wimbo ukapungua, ukapungua, ukaishia kwenye kona.

Chirau aliweka nafasi. Aliwarudisha watu wawili waliokuja kutazama yule mwanambuzi wa chupani. Kivuli cha mkungu kikasogea mpaka kwenye mayungiyungi. Kasyoka akamwaga maji kwenye vitalu, akaanika mpira wake wa maji, akamtazama, akaona heri asiulize.

Mama Mbodze ndiye aliyesimama kwanza. Alimshika Chirau mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu, mimi nilikuja na shaka. Nilisikia kwamba wewe ni mtu wa maneno. Leo nimeona kwa macho yangu. Kwa mtoto wa watu, asiye nduguyo, umetoa vile bila kukunja uso. Nilikuwa nimefikiria mahari ndogo, ya kukuonea huruma. Nikaona, la, nitakuvunjia heshima. Tutataja kulingana na moyo wako. Njoo na wazee wako Jumapili."

Akamwacha hapo, akaenda kumuuliza Kasyoka juu ya mbegu za maua.

Chirau akaketi kwenye kiti cha mlinzi. Mfuko wa koti ulikuwa mwepesi, ukipepea. Kadzo alikuja akasimama mbele yake.

"Yule bibi harusi," Kadzo alisema, "mwezi uliopita aliolewa Makadara. Alikula viazi vyangu na wapambe wake wote, na bwana harusi alikuwa yuaja na bahasha."

Chirau aliinua kichwa polepole.

"Ulimjua tangu alipofunua uso?"

"Nilimjua kwa kiatu."

"Na hukuniambia?"

"Nilikukanyaga mara mbili. Ukaniomba radhi."

Chirau hakuwa na la kusema, na hali hiyo ilimtisha kuliko pesa zilizokwenda.

"Na hii kazi yako," Kadzo akaendelea, akauokota muhuri na kuugeuza juu chini, "niliijua siku ile uliyoniambia. Afisa wa serikali huwa hafurahii kazi yake kiasi kile. Nilikuja nione kama utaweza kumdanganya mama huku mimi nakutazama."

"Sikumdanganya. Nilitoa kweli."

"Ndiyo," Kadzo alisema. "Umetoa. Hata mimi sikutarajia." Ukingo wa mdomo wake ulicheza. "Zilikuwa za nini?"

"Zilikuwa zako."

Kadzo aliuweka muhuri mezani.

"Sizitaki hizo. Lakini ni vizuri kujua."

Wakati huohuo gari lingine likasimama langoni, limepambwa kwa maua ya karatasi. Bibi harusi wa kweli alikuwa ndani, amechoka na jua, shela limekunjamana. Babake, mtu mfupi wa miwani, akashuka na kuliendea koti la buluu.

"Masalkheri, bwana. Tunalipa wapi?"

Chirau alitazama mkono wa yule mzee, uliokuwa tayari mfukoni. Alitazama mataya ya nyangumi. Nauli ya kurudi nyumbani hakuwa nayo. Kadzo alisimama kando yake, wala hakumkanyaga.

"Hapalipwi, mzee," alisema, na sauti ikamtoka kama ya mgonjwa. "Ingieni tu. Ni bure."

Mzee akatoa mkono mfukoni polepole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama Chirau toka vifungo hadi viatu.

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Na picha?"

"Pigeni mnavyotaka."

Mzee akarudi nyuma hatua moja, asimpe kisogo, akafungua mlango wa gari.

"Dereva, geuza," alisema. "Twendeni kule ngomeni. Hapa kuna matapeli."

Gari likaondoka kwa kasi, maua ya karatasi yakidondoka njiani. Kadzo alicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya lango, mpaka mamake akageuka kule vitaluni kuuliza kuna nini, na Chirau, aliyekuwa bado amenyoosha mkono wa kukaribisha, akajikuta naye anacheka asijue kwa nini.

"Kunja meza," Kadzo alimwambia alipopata pumzi. "Mama ana njaa, na nimeacha viazi havijamenywa."