Nimefika Ukweni Nyuma ya Pikapu

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena nikiwa na suti. Naandika mwenyewe kabla Deo hajawatumia picha, maana najua hatavumilia mpaka jioni.

Humu kwenye kundi letu la wapenda magari wengi mnaniita Injinia. Mnajua nina maoni kuhusu kila kitu chenye magurudumu. (Gari sina. Hilo tuliache kwanza.) Asubuhi, mtakumbuka, niliwatumia sauti ya dakika saba nikieleza kwamba viwanda vinavyoendelea kutengeneza pikapu za kabini moja vimelala. Sura ileile miaka nenda miaka rudi, kioo cha kuzungusha kwa mkono, skrini hakuna. Nikasema wenye akili wamehamia magari ya kifahari, wameondoa hata tairi la akiba ili buti liwe kubwa, na huko ndiko kuona mbali. Nikamalizia na yale maneno mliyoyachekea: "Nyuma ya pikapu ni kwa ajili ya mizigo na watu waliochoka na maisha."

Sauti ile niliirekodi nyumbani Buhembe, nimekaa ndani ya gari la Kijerumani nililoazimwa na rafiki yangu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Koku, mchumba wangu, huko Kimwani. Miaka miwili nimemwomba Koku anipeleke kwao, na miaka miwili ananijibu kwamba mama yake hapendi wanaume wa maneno mengi. Basi nikaona nifike na kitu kitakachoniongelea. Jeusi, viti vya ngozi, mlango ukiufunga husikii kitu. Nililipenda gari lile, na bado nalipenda.

Tulikuwa watatu. Mimi kwenye usukani, Deo binamu yangu pembeni, na nyuma baba mdogo Lauriani, mshenga wangu, amepakata kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu ukweni huendi mikono mitupu. Mpaka Muleba ilikuwa lami tupu. Nikawa nawafundisha habari za viwanda, nani atabaki sokoni na nani atafunga milango. Baba mdogo akasinzia.

Tukaacha lami. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na njia ilikuwa nyekundu, inang'aa. Deo akasema, "Tuliache hapa, tuchukue bodaboda."

"Na suti hii? Gari hili linajinyanyua lenyewe. Tazama."

Nikabonyeza kitufe. Likajinyanyua kweli, taratibu, kwa adabu. Baba mdogo akaamka, akaitikia kwa Kihaya, "Kasinge waitu," kana kwamba gari limemwamkia.

Hatukufika mbali. Kwenye kona yenye mikaratusi gurudumu la mbele liliteleza likaingia mfereji, na tumbo la gari likakaa juu ya tuta la katikati. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu yanazunguka, sisi tupo palepale. Kwenye skrini yakatokea maandishi mekundu ya Kijerumani, kwa sababu mwenye gari hakuwahi kubadilisha lugha.

"Baba mdogo, wewe Mlutheri," Deo akasema. "Hebu tusomee hapo."

"Mimi nimebatizwa Kilutheri, sikubatizwa Kijerumani."

Ndipo ikaja pikapu. Nyeupe, ya zamani, kabini moja, nyuma imejaa viti vya plastiki vilivyofungwa kamba. Anayeendesha ni mama mmoja mwenye gambuti. Nikaishika dirishani. "Shikamoo mama. Samahani, unaweza kutuvuta? Ila gari letu ni la kisasa sana, lina uzito wake. Sijui kama pikapu yako itaweza."

Mama akanitazama, akageuza uso haraka na kujifunika kitenge. Nikageuka nyuma. Baba mdogo, ambaye alishafika kwa kina Koku kuniombea siku, alikuwa ameshavua kofia.

"Toa mkono hapo," akaninong'oneza. "Huyo ni mama yake Koku."

Kwa msiojua mila zetu: mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawakai bega kwa bega. Siku ya kujitambulisha ndiyo kabisa, hata kumwona usimwone mpaka wazee wamalize maneno yao. Mimi nilikuwa nimening'inia kwenye dirisha lake.

Kuanzia hapo kila neno likapita kwa baba mdogo, ingawa tulisimama hatua mbili tu.

"Lauriani waitu, mwambie huyo kijana kwenye bampa kuna kifuniko kidogo. Akibandue. Ndoano ya kuvutia iko chini ya zulia la buti, karibu na jeki."

Baba mdogo akanigeukia. "Anasema kwenye bampa kuna kifuniko..."

"Nimesikia."

"Amesikia," akamwambia mama.

(Gari hilohilo nimewachambulia humu wiki nzima. Kifuniko sikukijua.)

"Mwambie asione haya. Ni wa tatu hapa tangu mvua zianze."

Sasa wapenda magari, nisikilizeni. Mama yule alifunga kamba, akavuta ile gia fupi ya magurudumu manne, akaachia klachi polepole. Injini haikupandisha sauti. Tairi halikuzunguka bure hata mara moja. Gari letu likatoka kama jino la mtoto. Nikasahau aibu zote, nikabaki nimeachama. Kiwanda kilichokataa kubadilisha pikapu ile hakijalala hata kidogo. Kinaijua njia ya Kimwani kuliko mimi niliyezaliwa Kagera. Na mikono ya mama yule kwenye usukani, sijaona dereva wa namna hiyo.

Furaha ikaisha tulipotazama gurudumu. Jiwe limepasua tairi ubavuni, vidole vitatu vinaingia. Deo akafungua buti. Kubwa. Kubwa sana. Ndani kuna kichupa cha povu la kuzibia tundu dogo na kipampu. Basi.

Halafu mama akasema, "Lauriani, hebu muulize. Nyuma ya pikapu alisema ni kwa ajili ya nani?"

Nikamtazama Deo. Deo akatazama mikaratusi. Kumbe sauti yangu ya asubuhi alimtumia Koku, na Koku akaifungulia jikoni, wanawake wote wakimenya ndizi.

"Anauliza nyuma ya pikapu..."

"Mizigo," nikasema.

"Na nani?"

"Na watu waliochoka na maisha."

"Anasema na watu..."

"Mwambie apande."

Hata bila ya hayo, kwenye kabini nisingeruhusiwa. Akaingia baba mdogo na kibuyu chake, akafuata Deo upande wa dirisha. Mimi nikapanda nyuma na suti yangu, nikakumbatia viti ili visianguke.

Uani kulikuwa kumejaa watu. Wanawake walikuwa tayari kwa vigelegele, macho barabarani wakisubiri gari jeusi. Walipoiona pikapu wakarudi kukaa. Mama akashuka, akapita nyuma ya nyumba bila kugeuka. Akaja mzee mwenye koti na fimbo, baba yake Koku, ninamjua kwa picha.

"Wewe kijana, shusha viti upesi. Wageni wanakaribia."

Na hapa ndipo mila ilipoimaliza kazi. Anayekuja kuposa hajisemei. Anayefungua mdomo ni mshenga, na mshenga wangu alikuwa amekwama ndani, maana mlango wa upande wao hufunguliwa kwa nje tu. Deo aliyekaa dirishani angeweza kutoa mkono nje akakishika kitasa, lakini alikuwa anarekodi, hana haraka.

Nikashusha viti. Nikavipanga. Mzee akasema mstari wa pili umepinda, nikaunyoosha. Akatazama saa.

"Watu wa mjini hawa. Na huyo muoaji nasikia ana gari kubwa."

Hapo baba mdogo akawa amefunguliwa. Akakohoa. "Waitu, muoaji ndiye huyo mwenye kiti."

Kila mtu akanitazama. Jikoni kikapasuka kicheko, na cha Koku nakijua hata katikati ya vicheko mia.

Mzee hakucheka. Aliingia ndani kushauriana na mke wake, akakaa huko muda mrefu. Mimi nimeketi kwenye kiti nilichokipanga mwenyewe, tope mpaka magotini. Niliogopa kweli. Magari nitayazungumzia mpaka nife, lakini Koku ni mmoja.

Akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu mgeni hukaribishwa nayo, akanipa mimi wa kwanza. Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Mama yake anasema hivi," akasema. "Amekuchungulia dirishani. Umepanga viti vyote bila kusema neno hata moja. Kumbe unaweza."

Posa imepokelewa. Gari liko kwenye kona ya mikaratusi, linasubiri tairi, na kesho mama mkwe ananipeleka kulichukua. Naombeni msicheke. Nafasi yangu kwenye pikapu naijua.